Ndege zinazochota maji ziwani kuzima moto wa msitu: yale maji yanazima kweli au yanapoza tu?

Mpare_wa_Okanagan #1
Wakuu habari zenu. Kuna jambo linanisumbua muda mrefu, nimeona nililete kwa wajuzi. Naishi Kelowna, jimbo la British Columbia huku Kanada. Mji uko kando ya ziwa Okanagan, ziwa refu jembamba, urefu kama kilomita 135 lakini upana hata kilomita 5 kuzifikisha ni kazi. Agosti 2023 moto wa McDougall Creek uliwaka milimani ng'ambo ya pili, upande wa West Kelowna, na sisi huku tukawa tunashinda ufukweni tunaangalia. Zikaja ndege za njano, nne zinafuatana, zinashuka mpaka zinagusa maji, hazisimami, zinakimbia juu ya ziwa maji yanaruka pembeni, sekunde chache tu ile ya kwanza imenyanyuka inageukia mlimani, inamwaga, inazunguka inarudi, na wenzake nyuma hivyohivyo, mchana kutwa. Nakwambieni hujawahi kuona kitu kama kile, watu wanapiga makofi kabisa.

Sasa tatizo langu. Zikimwaga, pale palipomwagwa panatoka mvuke mweupe, moshi unapungua, unasema haya wamepata. Unageuka kidogo, ukiangalia tena moshi mweusi umerudi palepale. Na usiku wa kuamkia tarehe 18 upepo ulikuja vibaya, moto ukavuka ziwa, cheche ziliruka juu ya maji yale yote zikawasha huku upande wetu. Nyumba zaidi ya mia ziliungua. Kwa hiyo dai langu ni kwamba hizi ndege kazi yake kubwa ni kututuliza roho sisi tunaoangalia, moto wenyewe unazimwa na kitu kingine. Anayejua anieleweshe, natanguliza shukrani.

Kadogoo #2
Nimewahi siti ya mbele. Picha mkuu, uzi bila picha haunogi.

Chuma_cha_Pua #3
Mleta uzi unakosea. Hizo ni Canadair CL-415, zimetengenezwa hukohuko Kanada maalumu kwa moto. Inabeba lita 6,137 na inazichota kwa sekunde 12 tu. Kiwanda chenyewe kinasema ziwa likiwa kilomita kama 11 kutoka kwenye moto inamwaga mara 9 kwa saa moja, hizo ni lita zaidi ya elfu hamsini, ndege moja hiyo. Nitajie gari la zimamoto linalofanya hivyo mlimani kusiko na barabara. Kutuliza roho ndo nini sasa.

Fundi_Ndege #4
Chuma_cha_Pua takwimu zako ziko sawa ila ndege siyo hiyo. CL-415 ina injini mbili, mabawa yako juu, na kiwiliwili chake chini kimeundwa kama mtumbwi, chenyewe ndo kinaelea. Jimbo la British Columbia wanatumia sana Fire Boss, ile ni Air Tractor AT-802, asili yake ndege ya kupulizia dawa mashambani, wakaivalisha maboya mawili makubwa chini. Injini moja puani, rubani mmoja peke yake ndani, na mara nyingi zinaruka nne kwa pamoja kama alivyoeleza mtoa mada. Lita kama 3,000. Mkuu Mpare, ilikuwa na injini ngapi?

Mpare_wa_Okanagan #5
Injini moja, puani, na maboya mawili. Asante mkuu. Lakini swali langu bado liko palepale, na kama ni lita 3,000 basi ndo limekuwa zito zaidi.

Chuma_cha_Pua #6
Ziwe 3,000 ziwe 6,000 kazi ni ileile, cha msingi ni kurudiarudia. Nne zikifuatana ni lita 12,000 kila mzunguko.

Bibi_Tausi #7
Samahanini wanangu mimi naomba kueleweshwa kitu kimoja, inachotaje bila kusimama? Kuna pampu humo ndani au?

Fundi_Ndege #8
Shikamoo Bibi. Hakuna pampu. Chini ya ndege kuna vimirija vinavyoteremshwa ikishagusa maji, tundu lake linatazama mbele. Ndege inakwenda kama kilomita 130 kwa saa, kwa hiyo mwendo wenyewe ndo unayasukuma maji kuingia na kupanda hadi kwenye tenki. Piga hesabu ya CL-415, lita 6,137 kwa sekunde 12 ni lita 500 kila sekunde moja, na hapo imekimbia mita 400 na kitu juu ya maji.

Ugumu uko hapa sasa. Mtu akiona anadhani ndege inateleza tu, kumbe maji yale yanaivuta nyuma kwa nguvu, na kila sekunde inaongezeka nusu tani. Rubani inabidi aongeze nguvu ya injini kidogokidogo kadiri inavyozidi kuwa nzito, akizubaa inazama chini mwendo unakufa, akizidisha inanyanyuka kabla haijajaa. Tenki likijaa anapandisha vimirija, anavuta, anaondoka na tani sita ambazo sekunde 12 zilizopita hakuwa nazo. Halafu arudie hivyo siku nzima, kwenye moshi, na mawimbi, na magogo yanayoelea. Ile ni kazi ya watu wenye mikono.

Bibi_Tausi #9
Marahaba mwanangu, ubarikiwe. Nimeelewa vizuri kabisa.

Nderemo254 #10
Wasee na samaki je? Manake kuna story nilisikia tangu nikiwa shule, ati msee alikuwa ana-dive kwa ziwa, ndege ikamchota mzimamzima, baadaye wakampata kwa mti ulioungua akiwa amevaa zile nguo zake za kupiga mbizi. Ni ukweli ama?

Kadogoo #11
Hahaha hii hata mimi nilisimuliwa, tena aliyenisimulia aliapa binamu yake alikuwepo.

Mngazija_wa_Marseille #12
Nderemo254 hadithi hiyo huku Ufaransa kila mtu anayo, na kila mtu anamjua mtu aliyemjua huyo mzamiaji. Haiwezekani ndugu yangu. Yale matundu ya kuchotea ni madogo, hata kichwa cha mtu mzima hakipiti sembuse mtu na mtungi wake wa hewa mgongoni. Hakuna tukio la namna hiyo lililowahi kuthibitishwa popote.

Nimwambie na mleta uzi yangu. Mimi niko Marseille, sisi Wangazija huku tuko wengi sana. Tarehe 8 Julai 2025 moto ulianzia Les Pennes-Mirabeau, ukasukumwa na upepo mpaka ukaingia mji wenyewe upande wa kaskazini, uwanja wa ndege wakaufunga. Tulikuwa tumefunga madirisha yote na taulo chini ya milango. Canadair zilikuwa zinachota baharini kabisa, chumvi na yote, zinapita juu ya mapaa yetu chini kiasi kwamba unasoma maandishi tumboni. Huku marubani wao wakiitana kwenye redio jina lao ni Pélican, kambi yao iko Nîmes. Mimi nasema hivi, mtaa wa mjomba wangu moto ulifika ukingoni, ndege zikamwaga mara kadhaa mfululizo pale, zimamoto wakapata nafasi ya kuingiza magari. Bila zile ndege wasingeingia. Sasa hiyo ni kutuliza roho?

Mpare_wa_Okanagan #13
Poleni sana ndugu yangu. Ila umeona, mwisho waliouzima ni wale wa magari.

Mngazija_wa_Marseille #14
Hawakuweza kufika kabla ya ndege!! Soma tena.

Fizikia_Form6 #15
Naomba niingie na hesabu maana mnabishana kwa macho tu.

Kilo moja ya maji kuitoa nyuzi 20 mpaka ichemke na igeuke mvuke wote inameza nishati kama megajuli 2.6. CL-415 ikimwaga mzigo mzima, tuseme kila tone limegeuka mvuke ndani ya moto, hakuna lililopotea, ni kama megajuli elfu 16. Kuni kavu kilo moja ikiungua inatoa kama megajuli 18. Gawanya. Mzigo mzima wa ndege kubwa unameza joto la kuni kavu ambazo hazifiki hata tani moja. Tani moja ya kuni kwenye msitu wa misonobari ni nini? Ni miti michache. Fire Boss gawa kwa mbili. Kwa hiyo Mpare ana hoja, moto mkubwa wa msitu huwezi kuushinda kwa kuupoza kutoka juu, hesabu zinakataa.

Chuma_cha_Pua #16
Hesabu nzuri swali baya. Nani kakwambia ndege inaenda kumeza joto la moto wote? Wanamwaga kwenye kingo, pale moto unapoelekea, na kwenye majani na vichaka ambavyo havijashika bado. Kitu kikilowa kinachelewa kushika. Ukishusha urefu wa ndimi za moto kutoka juu ya miti mpaka magotini, mtu anaweza kusogea na jembe. Hiyo nishati ya kushusha ndimi ni ndogo kuliko nishati ya moto mzima. Halafu wanaweka na dawa ya povu, ndege nyingi zinabeba tenki lake dogo humohumo zinachanganya zikiwa angani, maji yanashika kwenye majani badala ya kuchuruzika.

Fizikia_Form6 #17
Na vilivyolowa vinakauka muda gani pembeni ya moto wenye joto lile? Dakika. Mpare kasema mwenyewe anageuka kidogo moshi umerudi. Mimi nakubali unachelewesha, sikubali unazima.

Msitu_Mufindi #18
Salaam wadau. Mimi nimefanya kazi miaka mingi kwenye mashamba ya miti ya Sao Hill, Mufindi, sijawahi kuona ndege ya maji lakini moto nimeshauona mwingi kuliko nilivyotaka. Fizikia na Chuma wote mnaongelea maji. Moto wa msitu hauzimwi na maji jamani, unazimwa kwa kunyimwa chakula. Unakata njia ya kuzuia moto, unaondoa majani na nyasi mpaka udongo mtupu, halafu mnakaa hapo na matawi mabichi na mabomba ya mgongoni kuua kila cheche inayoruka. Minara ya kuangalia moto ipo kwa ajili ya kuuwahi ukiwa mdogo. Ukishapanda kwenye vilele vya miti na upepo uko nyuma yake, nyie ondokeni hapo, hakuna shujaa.

Na baada ya moto kupita ndo kazi inaanza. Watu wanasahau hili. Mizizi inawaka chini kwa chini, gogo unaliona limezima kumbe ndani jekundu, unapita na jembe unafukua unashika udongo kwa mkono kama bado una joto. Ndege gani itafanya hiyo? Huo moshi Mpare anaouona unarudi ni huo, hakuna mtu chini wa kumalizia. Ndege na watu lazima viwe pamoja, ndege peke yake anamwagia maji mlima.

Mpare_wa_Okanagan #19
Mkuu Msitu_Mufindi hapa umenigusa. Maana upande ule mlima ni mkali sana na siku zile watu walikuwa wanahangaika kuokoa nyumba huku chini, kwa hiyo inawezekana kule juu ndege zilikuwa zinamwaga pasipo na mtu wa kumalizia.

Chuma_cha_Pua #20
Au walikuwa wanauelekeza moto usishuke upande wenye watu, siyo kuuzima. Hilo hujalifikiria. Angani juu ya hizo ndege huwa kuna ndege nyingine ndogo inazunguka, humo ndani kuna afisa anayepanga nani amwage wapi. Wewe ufukweni huoni anachokiona yeye.

Mpare_wa_Okanagan #21
Hiyo ndege ndogo niliiona kweli, nikadhani ni ya waandishi wa habari.

Mtoto_wa_Kivu #22
Jambo bandugu. Mimi niko Québec, natokea Bukavu. Niongeze kidogo juu ya Canadair kwa sababu huku ndiko nyumbani kwao. Jimbo la Québec lina ndege zake lenyewe na kila mwaka tangu 1994 linapeleka CL-415 mbili kule Los Angeles wakati wao wa moto, kwa mkataba, na marubani wa huku. Januari 2025 ule moto wa Palisades zilikuwa zinachota baharini, dunia yote iliona zile video. Tarehe 9 mtu mmoja akarusha droni yake kwenda kuangalia moto, ikagonga bawa la ndege moja, ikatoboa tundu. Ndege ikatua salama lakini ikakaa chini siku kadhaa ikitengenezwa, wakati moto unakula nyumba za watu. Ndege mbili tu, moja imeondoka. Hii ilituuma sana huku.

Nderemo254 #23
Huyo wa drone alishikwa?

Mtoto_wa_Kivu #24
Alipatikana, akashtakiwa, akakiri.

Mama_Naila #25
Jamani na wenye boti! Kwenye ziwa hapo Okanagan mamlaka kila kiangazi wanaomba watu wakae ukingoni ndege zikiwa zinachota, maana rubani akiona boti kwenye njia yake anaghairi, anazunguka upya, na ule mzunguko ni mzigo mmoja umepotea. Mimi nilikuwa Vernon, kaskazini mwa ziwa hilohilo, watu wanasogeza boti karibu wapate video nzuri. Iliniudhi. Mtu nyumba yake inaungua wewe unatafuta video.

Kadogoo #26
Kwani ziwa hilo si ndo lina lile jinyama lao la hadithi, Ogopogo? Wasije wakamchota.

Mama_Naila #27
Kadogoo wewe 😂 sanamu yake iko hapo mjini Kelowna watoto wanapigia picha. Ziwa lina kina cha mita 200 na zaidi, ana pa kujificha.

Shirima_J #28
Wakuu nawarudisha nyumbani. Oktoba 2020 mlima wetu Kilimanjaro uliwaka kuanzia eneo la Whona, kati ya vituo vya wapandaji vya Mandara na Horombo, siku kadhaa, eneo la kilomita za mraba kama 95 likaungua. Walioenda kuuzima ni askari wa hifadhi, wanafunzi wa Chuo cha Mweka, wanavijiji na wapagazi, watu wanapanda mlima na mapanga na matawi. Nilikuwa Marangu, usiku unaona mstari mwekundu juu kule unatembea. Oktoba 2022 tena, upande wa kambi ya Karanga. Swali langu, kwa nini sisi tusiwe na hata ndege mbili za hivi? Bwawa la Nyumba ya Mungu liko hapo chini, maji tele.

Chuma_cha_Pua #29
Hili swali mimi naliunga mkono asilimia mia. Afrika nzima hakuna ndege ya kuchota maji, ni aibu.

Mngazija_wa_Marseille #30
Hapana, Morocco wanazo, CL-415, ziko chini ya jeshi lao la anga na wanazitumia kila kiangazi. Algeria nao wamechukua Beriev Be-200 ya Kirusi, ile ya injini za jeti inayobeba lita 12,000.

Chuma_cha_Pua #31
Basi hapa kwetu. Hoja inabaki.

Fundi_Ndege #32
Shirima_J ngoja nikupe picha halisi, siyo kukukatisha tamaa.

Nyumba ya Mungu iko kama mita 690 juu ya usawa wa bahari. Moto wa Karanga ulikuwa karibu mita 4,000. Kwa hiyo kila mzigo ndege inapandisha tani sita za maji zaidi ya kilomita tatu kwenda juu, kisha inashuka, kisha inapanda tena. Kule mita 4,000 hewa imebaki kama theluthi mbili ya ile ya chini, bawa linashika kidogo, injini inapumua kidogo. CL-415 mwisho wake kabisa wa kupanda ni kama mita 4,500. Yaani utakuwa unamwaga maji karibu na kikomo cha ndege, ukiwa chini sana karibu na mteremko, kwenye upepo wa mlimani. Hapo hutapata mizigo 9 kwa saa, utapata michache sana. Mandara na Horombo ni chini kidogo, ingewezekana zaidi, ila bado ni kupanda.

Shirima_J #33
Sawa na ziwa Chala je? Liko karibu zaidi na liko juu zaidi.

Fundi_Ndege #34
Chala ni shimo la volkano, lina kilomita za mraba kama 4 tu na kuta zimelizunguka pande zote. Kushuka humo, kuchota, na kutoka ukiwa umejaa kabla ukuta haujakufikia, mimi nisingekaa ndani ya ndege hiyo. Ziwa Jipe nalo lina kina kifupi na matete na magugu yamelivamia. CL-415 inataka kina cha kama mita 2 na njia ndefu iliyo wazi, jumla ya kushuka kuchota na kunyanyuka ni kilomita moja na zaidi.

Mvuvi_Mwanga #35
Na Nyumba ya Mungu msisahau sisi tuko humo. Mitumbwi, nyavu, maboya ya nyavu, mamba, visiki vya miti iliyozamishwa bwawa lilipojazwa miaka ya sitini, kiangazi maji yakipungua vinachomoza. Oktoba ndo maji yako chini. Hiyo ndege ikigusa kisiki itakuwaje? Lakini mkituambia siku mbili tusiingie majini kwa ajili ya mlima tutakaa pembeni, maana maji ya bwawa hili yanatoka mlima huohuo.

Fundi_Ndege #36
Mvuvi umeongea jambo la maana kuliko sisi wote. Kisiki kikigusa boya kwa kilomita 130 kwa saa ni ajali.

Shirima_J #37
Kwa hiyo mnasema tukae tu tuangalie? Mimi sikubali. Helikopta yenye ndoo ya kuning'inia inachota hata kwenye bwawa dogo, haihitaji kilomita nzima.

Msitu_Mufindi #38
Helikopta nayo hewa nyembamba inaisumbua Shirima, juu kule inabeba kidogo kuliko inachobeba chini. Mimi pesa ya ndege ningeigawa hivi: mafunzo kwa wapagazi, majiko ya gesi, posho na viatu kwa vikosi vya vijiji, redio, na watu wa kukaa juu kule Septemba mpaka mvua. Moto wa 2020 ilisemwa huenda ulianzia kwa wapagazi waliokuwa wanapasha chakula. Ule moto mtu mmoja mwenye tawi angeuua ukiwa bado mdogo.

Shirima_J #39
Mkuu na hivyo vyote tufanye, na ndege iwepo. Kwa nini kila mara sisi tuambiwe tuchague kimoja? Mlima unaingiza fedha nyingi mno. Tena siyo Kilimanjaro peke yake, kuna Sao Hill yako wewe mwenyewe, haiko juu kama mlima, miti ya mabilioni.

Msitu_Mufindi #40
Sao Hill ndiyo, hapo sikupingi. Ila utachotea wapi? Bwawa la Mtera liko mbali.

Nderemo254 #41
Sisi Aberdare na Mt Kenya huwaka pia, 2012 Mt Kenya iliungua vibaya sana. Naivasha iko karibu na Aberdare. Lakini viboko wa Naivasha bana 😅

Mzee_wa_Vancouver #42
Vijana naona mnazungumzia ndege ndogondogo. Mimi niko huku magharibi ya Kanada tangu zamani. Mngeiona Martin Mars mngesahau hizo zote. Ndege ya jeshi la maji la Marekani ya enzi za Vita ya Pili, injini nne, mabawa mita 61 kutoka ncha hadi ncha, inachota lita 27,000 kwa mkupuo. Kambi yake ilikuwa ziwa Sproat, Port Alberni, kisiwa cha Vancouver. Kampuni za magogo ndizo zilizozinunua kulinda misitu yao. Walikuwa nazo nne, moja ikaanguka kazini 1961, mwaka uliofuata kimbunga kikaharibu nyingine ikiwa imeegeshwa, zikabaki mbili zikafanya kazi miongo na miongo. Moto wa Okanagan wa 2003, huko Kelowna kwa Mpare, Mars alikuwepo. Ikipita juu yako kifua kinatetemeka. Agosti 2024 ile Hawaii Mars iliruka mara ya mwisho kwenda makumbusho karibu na Victoria, watu walijipanga ufukweni, na mwenzake Philippine Mars mwaka 2025 akapelekwa Arizona.

Kadogoo #43
Shikamoo mzee. Lita 27,000!! Sasa kwa nini wamezistaafisha?

Mzee_wa_Vancouver #44
Marahaba. Gharama kijana, vipuri vya injini za zamani, wahudumu wengi, na inataka ziwa kubwa. Fire Boss nne zinaingia hata ziwa dogo na zinafika mapema. Kumwaga maji mengi mara moja siyo bora kuliko kumwaga kidogo mapema, hili waliobishana huko juu wangelitazama. Hesabu ya Fizikia ni kweli kwa moto uliokomaa. Moto wenye ukubwa wa uwanja wa mpira, dakika ishirini baada ya radi, ndege nne zinaumaliza na wewe Mpare husikii habari zake kabisa. Unaziona zile zilizoshindikana tu.

Fizikia_Form6 #45
Mzee hapo nakubali, hesabu yangu na yako hazigombani. Kilo elfu za kuni kwenye moto mdogo ni nyingi.

Mpare_wa_Okanagan #46
Hii ya mzee inaniingia akilini. Lakini basi kwa nini zile siku moto ukiwa umeshakuwa mkubwa kiasi kile bado walizirusha kutwa nzima, na uwanja wa ndege wa Kelowna wakafunga anga lake kwa ajili yao? Kama haziwezi moto mkubwa si wangezipeleka kwenye midogo? Mwaka ule Kanada yote ilikuwa inawaka, zaidi ya hekta milioni 15.

Chuma_cha_Pua #47
Kwa sababu zinasaidia. Nimeshasema.

Fizikia_Form6 #48
Au kwa sababu hakuna kiongozi atakayesimama mbele ya watu wenye nyumba zinazoungua aseme ndege tumezipeleka kwingine.

Mngazija_wa_Marseille #49
Fizikia hilo neno zito. Kuna watu wanakufa kwenye hizo ndege. Oktoba 2022 Canadair ilianguka Etna, Italia, marubani wawili. Julai 2023 kisiwa cha Evia, Ugiriki, Canadair ya zamani, CL-215 ya jeshi la anga, imemwaga maji, bawa likagusa mti, ikaanguka bondeni, vijana wawili. Wanaruka chini kiasi hicho kwa sababu maji yakimwagwa kutoka juu sana upepo unayatawanya hayafiki. Mimi siwezi kuamini watu wale wanatumwa kwa ajili ya kupigiwa makofi.

Fizikia_Form6 #50
Mungu awarehemu. Sikusema marubani ndo wanaofanya maonyesho, naongelea wanaowapangia. Na ndiyo maana inaniuma zaidi, kama mzigo ule haubadilishi kitu pale, basi mtu asitumwe pale.

Mtoto_wa_Kivu #51
Lakini nani anajua kama unabadilisha? Ukimwaga na nyumba ikapona, utajuaje isingepona yenyewe? Na ikiungua, utajuaje kwamba zingeungua kumi? Hapa ndipo tunapozunguka.

Mama_Naila #52
Mimi jirani yangu alikuwa zimamoto wa kujitolea wakati ule. Anasema walikuwa kwenye kilima, moto umewazidi upande mmoja, ndege ikapita ikamwaga wakapata upenyo wa kutoka na gari lao. Kwake yeye hakuna mjadala.

Msitu_Mufindi #53
Hapo ndipo nilipokuwa naelekea, ndege ni kwa ajili ya watu walio chini. Mama_Naila muulize huyo jirani kitu kimoja kwa niaba yangu, baada ya ndege kupita walirudi pale kukata njia au walipaacha?

Mama_Naila #54
Nitamuuliza mkuu, yuko kazini zamu ya usiku, akirudi nitaandika hapa.

Shirima_J #55
Na mimi nasubiri jibu hilo. Mvuvi_Mwanga nakutumia ujumbe pembeni, nataka unionyeshe kwenye ramani visiki viko upande gani wa bwawa na wapi pako wazi kilomita moja na nusu bila nyavu.

Mvuvi_Mwanga #56
Karibu. Upande wa katikati kuelekea kwenye ukuta wa bwawa ndo pana kina, ila pana upepo jioni. Asubuhi mpaka saa nne maji yametulia.

Fundi_Ndege #57
Asubuhi mpaka saa nne ni sawa, hata moto wenyewe asubuhi huwa umepoa. Mvuvi, Oktoba maji yakishuka kabisa, hapo katikati panabaki mita ngapi?